Natafuta kamera ndogo ya mirolesi ya kutembea nayo kila siku, bajeti milioni 1.2

binti_kigamboni

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana wiki tatu nazunguka na kichwa kimeshajaa. Nakaa Kigamboni, kazini Posta, kwahiyo kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu niko ndani ya pantoni na jioni hivohivo. Mle ndani kuna picha jamani. Wamama na ndoo zao wanawahi samaki Feri, wanafunzi wanasinzia wamesimama, jua linatokea upande wa baharini linawapiga watu usoni kwa dakika chache alafu basi. Simu yangu mchana inapiga vizuri tu ila asubuhi ile kukiwa bado kiza kiza inawapaka watu kama poda, ngozi inakuwa laini kama plastiki na mikunjo yote inafutika. Mi nataka mikunjo ibaki.

Sababu nyingine ni bibi yangu, yuko Pangani, kashapita miaka themanini. Babu alipofariki tulibaki na picha zake mbili tu, moja ya kitambulisho na nyingine ya studio ambayo imeshaanza kufifia. Kwa bibi sitaki itokee hivo, nataka nimpige sana na nizichapishe azishike mwenyewe akiwa hai.

Nilishawahi kuazima DSLR ya kaka yangu, zile kamera zenye kioo ndani, Canon kubwa na lenzi ndefu, siku ya kwanza tu naitoa kwenye mkoba watu wote wamekaza sura na mmoja akaniuliza we mwandishi wa habari? Na jioni bega linauma. Ndo nikaambiwa kuna hizi mirolesi, kwamba kile kioo cha ndani kimeondolewa kamera ikawa ndogo.

Nilizoziandika mpaka sasa ni Sony A6000, Canon M50, Olympus E-M10 Mark II na Fujifilm X-T30. Bajeti milioni 1.2 pamoja na lenzi, mtumba hauna shida. Maswali yangu: hiyo Olympus ina megapikseli 16 tu, itatosha kuchapisha? Na ile lenzi inayokuja na kamera si inatosha kuanzia?

FundiMwanga_AR

Dada karibu sana. Mimi napiga harusi huku Arusha mwaka wa tisa huu, nikujibu swali la mwisho kwanza maana ndo lenye hela yako. Lenzi inayokuja na kamera kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu yako haitoshi. Nyingi ni f/3.5 ukiwa hujavuta, ukivuta kumkaribia mtu inafika f/5.6, na hiyo namba ya f ikiwa ndogo ndo tundu la lenzi linakuwa kubwa. Sasa lenzi ya f/1.8 ukiilinganisha na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, mara kumi dada, na mwanga huo ukiukosa kamera inapandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, picha inajaa chenga, au inapunguza kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, picha inatikisika. Kwahiyo kwenye hiyo milioni 1.2 hesabu lenzi ya f/1.8 au f/1.4 isiyovuta kwanza, kitakachobaki ndo cha bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hata kama bodi ni ya zamani. A6000 ni ya 2014, E-M10 Mark II ya 2015, zote mpaka leo zinatoa picha nzuri kabisa.

Megapikseli 16 zisikutishe. Picha ya Olympus hiyo ni 4608 kwa 3456, ukigawa kwa nukta 300 kwa inchi unapata inchi 15 kwa 11 na nusu, yaani A4 inaingia na inabaki. Bibi hatahitaji zaidi ya hapo. Zile unazoona kwenye simu, 50 sijui 108, zimebanwa kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ndogo kama ukucha wa mtoto, ndo maana simu inapiga picha nyingi kwa mpigo inazichanganya na kuzisugua, na huko kwenye kusugua ndo mikunjo ya watu inakopotelea.

Sasa kati ya Sony na Olympus. Sensa ya A6000 ni saizi inayoitwa APS-C, milimita 23.5 kwa 15.6, ya Olympus ni saizi ya Micro Four Thirds, 17.3 kwa 13, kwahiyo Sony ina eneo kubwa kama mara moja na nusu na ushee na usiku itakuwa safi kidogo. Lakini A6000 haina kitu cha kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, Olympus inacho, na wewe unapigia juu ya pantoni ambayo injini inaitetemesha muda wote. Alafu angalia ukubwa lenzi ikishakaa. Kwa Sony watakwambia Sigma 30mm f/1.4 na ni lenzi tamu kweli ila ina urefu wa sentimita 7 na kitu, Olympus 25mm f/1.8 ni sentimita 4 tu na gramu 137. Hiyo unaitia kwenye mkoba wa kawaida pamoja na kanga na hotpoti la chakula.

Ila uelewe, kutuliza mtikisiko kunasaidia mkono wako na chombo, mtu akiwa anatembea hakumsimamishi. Mtu anayetembea anataka shata 1/250 hivi, aliyekaa hata 1/30 unapata.

X-T30 nzuri sana ila kwa bajeti hiyo bodi itameza kila kitu.

picha254

Sasa madam, mimi niko Nairobi na naona mambo tofauti kidogo na huyo boss wa Arusha. Kwanza hiyo Canon M50 itoe kwa list kabisa. Si kamera mbaya, ni ya 2018 na wengi hapa walianza YouTube nayo, lakini hizo lenzi zake za aina ya EF-M Canon waliziacha wakahamia aina mpya ya RF, tangu 2022 walipotoa kamera za R10 na R7 ilijulikana hiyo njia imefika mwisho. Ukinunua leo unanunua nyumba haina barabara. Kama unapenda Canon ngoja uongeze pesa uchukue R50, ya hizo lenzi za RF.

Pili, fokasi, yaani kamera kumlenga mtu atoke wazi. Hapa ndio napingana na Olympus. Hiyo Mark II inatafuta fokasi kwa kulinganisha kontrasti, tofauti ya mwanga na giza, peke yake, mtu akikujia inaenda mbele inarudi nyuma inaenda tena mbele, na ukishapata mtu amepita. A6000 ina zile pointi 179 za fezi, zinazojua mara moja fokasi iende upande gani, na inashika haraka hata leo. Mimi nilikuwa na Olympus, nikazaa, mtoto akaanza kukimbia, nikauza. Sasa niko na A6400 ya 2019, hiyo inashika jicho la mtu na kulifuata hata akigeuza kichwa, lakini kwa bajeti yako haitatosha na lenzi, najua.

Kama ni watu wa feri wanapanda na kushuka mimi ningesema A6000, uanze na Sigma ya mtumba, hiyo ya kuvuta usichukue. Ukubwa utazoea.

kivukoni_kwetu

Dada hongera kwa wazo. Neno moja tu: pale Magogoni Ikulu iko jirani, na upande wa pili kuna maeneo ya jeshi. Kamera iwe ndogo iwe kubwa usiielekeze huko hata kwa bahati mbaya, piga ndani ya pantoni na watu uwaombe. Wale wamama wa samaki ukiwasalimia vizuri na kesho yake ukawaletea picha moja iliyochapishwa hutapata shida nao tena.

MjiWaKale

Assalaam aleykum. Dadangu hao wenzangu wamekueleza ya kununua, mimi nikueleze ya kuitunza manake niko Mombasa, Mji wa Kale, na hewa yetu na yenu ni moja. Bahari ikiwa karibu adui si mwizi peke yake, adui ni kuvu. Mimi nilikuwa na lenzi tatu nimezitia ndani ya mkoba wa ngozi, mkoba ndani ya kabati, kabati halifunguliwi, nikakaa miezi mitano ya masika na mvua sijazigusa. Siku nazitoa mbili zina nyuzi nyeupe ndani ya kioo, kama utando wa buibui. Fundi alifungua moja akasafisha, ile nyingine ilikuwa kuvu imekula mpako wa kioo haikufaa tena. Nililia kwa kweli, hasa ile moja ambayo nilipewa na ami yangu.

Basi fanya hivi. Nunua kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, lile la kuwekea mchele, tia ndani vile vipakiti vya silika vinavyokuja na maboksi ya viatu, vingi, na kamera ilale humo. Vipakiti vikishiba unyevu huwa havina kazi tena, badilisha. Na zaidi ya yote itumie. Kamera inayotoka kila siku ikapata hewa na mwanga haishikwi na kuvu kirahisi, inayofichwa ndiyo huharibika.

La pili, umesema unafanya kazi Posta, nadhani ndani kuna kiyoyozi. Ukitoka jioni na kamera ya baridi ukaitoa kwenye ile hewa ya nje, kioo chote kitashika umande hapo hapo, na mwingine hata ndani. Iwache ndani ya mkoba uliofungwa robo saa au dakika ishirini ipate joto polepole.

La tatu, usibadilishe lenzi ukiwa chomboni. Hizi mirolesi kwa kuwa hazina kile kioo, ukitoa lenzi sensa iko uchi macho kwa macho na upepo wa chumvi. Moja ya sababu na mimi naunga mkono lenzi moja ndogo isiyotoka. Ukifika nyumbani pitisha kitambaa kilichotiwa maji kidogo kisha kikavu kwenye bodi, chumvi isilale hapo.

binti_kigamboni

Jamani asanteni, sikutegemea majibu ya hivi. Kaka wa Mombasa pole sana kwa lenzi ya ami yako. Hilo la kiyoyozi ndo limenipa jibu la kitu ambacho nilidhani simu imeharibika, kila jioni nikitoka ofisini kioo cha nyuma kinakuwa na ukungu.

Jana nimeenda Kariakoo kushika shika. Nimeikuta A6000 na ile lenzi ya kuvuta laki nane, muuzaji anasema haijatumika ila rangi ya kona zimechubuka na menyu yote ni Kijapani, anasema nitaibadilisha mwenyewe nyumbani. Nikaikuta na hiyo Olympus, nikaishika nikachungulia kwenye kile kijidirisha, sijui nieleze vipi, ilikaa mkononi vizuri. Sijanunua kitu bado.

Swali lingine nisameheni. Picha za bibi nilizopiga na ile DSLR ya kaka, amekaa kwenye baraza nyuma yake mto na bahari vinawaka, uso wote umekuwa mweusi tii, macho hayaonekani. Hiyo ni kamera au ni mimi?

FundiMwanga_AR

Hiyo ya Kijapani iache hapohapo. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani lugha ni Kijapani tu, hakuna sehemu ya kubadilisha, na mitumba mingi inatoka huko. Na bodi iliyochubuka kona haiwezi kuwa mpya.

Ukienda tena nenda na memori kadi yako na tochi. Lenzi imulike kwa nyuma uangalie kwa mbele, kuvu na mikwaruzo vitaonekana. Weka f/16 piga picha ya mbingu au ukuta mweupe, madoa meusi yakitokea ni vumbi kwenye sensa, hilo linasafishika ila tumia kushusha bei. Funika lenzi na kifuniko upige sekunde kadhaa uangalie kama kuna nukta nyekundu au nyeupe zimetapakaa. Betri itoe uiweke juu ya kioo, ikizunguka kama pia ya watoto basi imevimba. Na jipe muda, muuzaji akikuharakisha ondoka.

Ukiichukua Olympus jua haichajiwi kwa waya wa USB, lazima chaja yake iwepo, muulize kabla hujatoa hela. Betri moja ni picha 300 na kidogo, tafuta ya pili.

Hilo la bibi namwachia mwenye kulijua vizuri.

MzeeStudio

Mwanangu wa Kigamboni, nimekusoma tangu juzi. Mimi nilikuwa na studio Tanga miaka ya sabini mwishoni mpaka tisini na kitu, tunapiga na Yashica ya macho mawili, filamu picha kumi na mbili, kila moja ni hela kwahiyo hukosei ovyo. Kosa si lako na wala kamera si mbovu, ila kamera haijui kwamba wewe unamtaka bibi. Yenyewe inachukua mwanga wote iliouona inaupiga wastani, inataka picha iwe ya kijivu cha katikati. Bahari inawaka, basi inasema mwanga ni mwingi nipunguze, inapunguza, na bibi anazama. Watu wa ngozi nyeusi tumeteswa sana na jambo hili, nimeona picha za ndoa bwana harusi ana kanzu nyeupe kali na uso hauna pua wala macho, na mpigapicha anasema ndivyo alivyo. Sivyo alivyo! Ngozi yetu ina mwanga wake, juu ya shavu, kwenye paji, pembeni ya pua, ni kazi ya mpigapicha kuufuata huo.

Dawa ni mbili. Ya kwanza, kwenye hizo kamera za sasa kuna gurudumu la kuongeza na kupunguza lenye alama ya jumlisha na toa, ligeuze mpaka +1 au hata +1.7 ukimwangalia bibi kwenye kioo, uzuri wa hizo mirolesi unaona mabadiliko hapohapo kabla hujabonyeza, sisi tulikuwa tunasubiri mpaka chumba cha giza. Bahari nyuma itakuwa nyeupe kabisa, iache. Hukwenda Pangani kupiga bahari.

Ya pili ndiyo ninayoipenda. Mgeuze. Mkalishe ndani ya mlango, hatua mbili kutoka kizingitini, uso autazame mlango, wewe ukae nje pembeni usimzibe. Mwanga wa mlangoni ukiwa jua halimpigi moja kwa moja ni laini kuliko taa yoyote niliyowahi kununua. Nyuma yake chumba kina giza, na hapo sasa kamera itataka kukosea upande wa pili, itaongeza mwanga mno, kwahiyo urudi kwenye sifuri au -0.7. Na usimwambie acheke. Muulize habari za zamani, nani alimtolea posa, mwaka wa mafuriko, uwe unapiga yeye anaongea.

Kuhusu kamera ipi sina ushindani na vijana. Ninachojua uso wa mtu mzima aliyekaa hauhitaji fokasi ya haraka.

picha254

Mzee heshima sana. Sawa nakubali, kama ni nyanya amekaa mlangoni Olympus itafanya kazi. Kwa wale wa kushuka feri bado nasema Sony.

MjiWaKale

Mzee wangu hilo la mlango nimelijaribu leo kwa mamangu baada ya alasiri. Nimemtumia dadangu Maskati ile picha, amepiga simu analia.

binti_kigamboni

Shikamoo mzee. Nimechelewa kurudi, nilikuwa safari.

Nimenunua Olympus E-M10 Mark II, bodi na chaja na betri mbili laki saba na ishirini, na lenzi ya 25mm f/1.8 nimeipata kwa dada mmoja aliyekuwa anauza vitu vyake anahama, laki nne. Nilimulika na tochi nikapiga ukuta kwa f/16 kama mlivyosema, kulikuwa na doa moja la vumbi, muuzaji akapunguza elfu thelathini na fundi kaja kulitoa.

Nianze na mabaya maana kaka wa Nairobi alisema kweli. Pale watu wanapokimbilia kushuka sipati kitu, kwenye picha arobaini nimepata tatu za maana. Nimeamua kuacha kuwafukuza, nawapiga wakiwa wametulia katikati ya maji, hapo inashika vizuri na ule mtetemo wa injini hauonekani kabisa hata nikiwa kwenye 1/30. Na hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Mama mmoja wa samaki nilimwomba, akakubali, nikamchapishia, jana kanishikia nafasi ya kukaa.

Pangani nimekaa siku tatu. Bibi nilimkalisha ndani ya mlango hatua mbili, nikaweka -0.7, nikamuuliza nani alimtolea posa. Mzee, aliongea saa nzima na nusu. Kuna mambo hata mama yangu alikuwa hayajui, kwamba babu alikuja mara ya kwanza akakataliwa akarudi baada ya mavuno. Nimepiga picha 140 hivi. Kwenye moja ameshika shavu anaangalia nje, mikunjo yote ipo, na ile alama ndogo juu ya jicho ambayo tangu nikiwa mtoto nilikuwa naigusa.

Nimezichapisha kumi na mbili hapa Posta, kumi za kawaida na mbili A4. Moja ya A4 nimeituma na basi la jana. Mzee nina swali, nyingine nataka kuitia kwenye fremu yenye kioo, je kwa unyevu wa Pangani picha haitagandana na kioo?

MzeeStudio

Marahaba mwanangu. Itagandana kama imegusana nacho. Mwambie fundi wa fremu akate kadi nene aizungushe pembeni ya picha, ikae katikati ya kioo na picha ibaki nafasi ya hewa, na nyuma asizibe na gamu yote. Usiitundike ukuta unaopigwa na jua wala ule unaopakana na bafu. Na hiyo habari ya babu kukataliwa akarudi baada ya mavuno, iandike kwa kalamu nyuma ya kadi kabla haijafungwa, jina na mwaka pia.